Kikombe cha Chai na Neno "Kawaida"

Niliisikia mashine kabla sijaiona. Ilikuwa ikikoroma nyuma ya pazia la bluu, mkoromo mrefu unaokatika katikati kisha unaanza tena, nikadhani kuna mgonjwa wa pumu amelazwa humo. Nilisimama mlangoni na bahasha ya vyeti vyangu, nikingoja macho yazoee giza, kwa maana chumba cha ultrasaundi hakiwashwi taa wakati wa kazi.

"Ingia," sauti ya mwanamume ikasema. "Hiyo ni feni yake. Iko kwa hii kazi miaka mingi kukuliko."

Hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza katika kliniki ya Laini Saba, Kibera, na huyo alikuwa Mkuu wa Picha. Tulimwita hivyo ingawa idara nzima ilikuwa yeye, mashine, na sasa mimi, Mwende, msichana wa Kitui niliyedhani kwamba kupiga picha tumboni ni kubonyeza vitufe. Alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka mabati. Reli ilipita juu yetu kidogo. Gari la moshi lilipokuja, kitanda kilitetemeka na picha ikavunjika vipande vipande, naye aliinua mkono mmoja, taratibu, kama mtu aliye katikati ya maombi. Sote watatu, mimi, yeye na mgonjwa, tulinyamaza mpaka behewa la mwisho lipite.

Nyinyi mtakaoshika kazi hii baada yetu, mna mashine zisizokoroma. Nawaandikia kwa sababu mashine siyo iliyotushinda.

Kifuko cha nyongo ni kitu kidogo chenye umbo la pera, kimejificha chini ya ini, upande wa kulia. Kinahifadhi nyongo ambayo mwili huitumia kusaga mafuta. Ukila, kinajikamua. Ukiamka hujala, kimejaa, ukuta wake mwembamba, na chochote kilichomo ndani kinaonekana kama kokoto chini ya maji safi. Mkuu wa Picha alinifundisha kupaka jeli, kuteleza na probu, yaani kile kifaa cha mkononi, chini ya mbavu, kumwambia mgonjwa avute pumzi na aishike. Halafu alisema neno ambalo nimelisikia maishani mwangu kuliko jina langu.

"Mgeuze."

Mgonjwa aligeuzwa ubavu wa kushoto. Jiwe lililomo ndani hubiringika likatafuta chini, na nyuma yake hutupa kivuli cheusi. Lakini kuna kitu kingine kinachoota humo, kinyama kidogo ambacho madaktari hukiita polipu. Hicho hakibiringiki. Kimeshika ukuta kama uyoga ulivyoshika gogo, na aghalabu hakina kivuli.

"Usimwandikie mtu jiwe kabla hujamgeuza," alisema. "Na usimwandikie kansa kabla hujapima."

Kupima ndiko kazi yenyewe. Vinyama vingi ni mafuta tu yaliyoganda ukutani, havimdhuru mtu. Kilicho chini ya milimita sita, mara nyingi, mwenye nacho aendelee na maisha yake. Cha kati ya sita na tisa, mtu aitwe tena baada ya miezi, kipimwe upya, tujue kama kinakua. Kikifika kumi, kifuko kitolewe chote, kwa sababu hapo ndipo kinyama kinaweza kuwa kimeanza kugeuka kitu kingine. Mtu anaishi vizuri bila kifuko cha nyongo. Bila ini je? Saratani ya kifuko huvuka ukuta kimyakimya na jirani yake wa kwanza ni ini.

Basi milimita tatu au nne ndizo zinazotenganisha mtu wa kuachwa na mtu wa kukimbizwa. Na milimita hizo huzioni kama mtu amekunywa chai.

Hapa mgeni wa Nairobi atacheka. Lakini sisi wa Kibera tunajua kwamba chai si chakula. Chai ni kile unachokunywa ili uweze kusema hujala. Mtu akikwambia "nimeshinda na chai tu", anakuomba ugali. Siku yangu ya pili alikuja fundi wa masufuria, mikono myeusi ya bati, ameambiwa asile kitu tangu jana. Mkuu alitazama kioo akashusha probu.

"Wewe umekula."

"Sijakula, mzee. Mungu ni shahidi."

"Hiki kifuko kimejikunja kama soksi. Kuna kitu kimepita."

"Ah, hiyo itakuwa ni chai. Na maziwa ilikuwa kidogo tu, ya kubadilisha rangi. Kwani chai ni ugali?"

"Kwa kifuko chako, ni ugali na nyama. Rudi kesho, na huo mdomo ukuwe umefungwa kama ofisi ya chifu Jumapili."

Fundi aliondoka akinung'unika kwamba amenyimwa huduma kwa sababu ya majani ya chai. Kesho yake alirudi, kavu, tukamwona vizuri. Tangu hapo Mkuu alinikataza kuuliza "umekula?" Badala yake niliuliza: "Tangu jana jioni, ni nini kimepita mdomoni?" Wakati wa kustaafu kwake aliniachia swali hilo, na desturi moja zaidi. Mashine yetu ilijaa haraka na picha zilifutwa kila mwezi, kwa hiyo aliandika kwa mkono katika daftari la mistari: jina, siku, mchoro wa kifuko, kipimo. "Mashine itasahau," alisema. "Wewe usisahau." Nikanunua daftari langu.

Baada yake akaja Daktari Msimamizi. Alikuwa nadhifu, kijana kwangu, viatu vyake havikuwahi kushika tope la Laini Saba na sijui alipitia wapi. Wiki ya kwanza alitukusanya.

"Mgonjwa akishalala pale, anainuka na ripoti," alisema. "Hii mambo ya rudi kesho, rudi kesho, mimi sitaki. Watu watasema hatujui kazi."

"Na akiwa amekunywa chai, daktari?"

"Madam Mwende, hata mimi nimekunywa chai."

Watu walicheka. Nami nikacheka. Ninaliandika hilo kwa aibu.

Mnapaswa kujua pia kuhusu alsa, yaani vidonda vya tumbo, maana bila alsa hamtaelewa kilichofuata. Katika vijiji vya Kibera, na Kawangware vilevile, mtu akishika tumbo juu ya kitovu, kabla hajaketi, ameambiwa ni alsa. Ukiungua kifuani, alsa. Ukitapika baada ya chapati, alsa. Maumivu yaanze chini ya mbavu za kulia, yapande mpaka begani, yakuamshe kila ukila mafuta, kama kifuko cha nyongo kinavyolia siku zote tangu watu waumbwe, bado utaandikiwa dawa za alsa na kuambiwa uache pilipili, uache maharagwe, uache mawazo. Mwanamke anayekaanga samaki kando ya reli, mwenye kodi na watoto, aache mawazo. Nimesikia ushauri huo ukitolewa na watu waliosoma miaka mingi, na hakuna aliyeona haya.

Mwanamke ninayemsema ni Mama Beryl. Alikaanga samaki karibu na reli, mwanamke mrefu wa upande wa ziwa, mwenye sauti ya kuita wateja toka mbali. Siku aliyokuja kwetu sauti hiyo ilikuwa imepungua. Alilala kitandani akashika mbavu za kulia.

"Tangu jana jioni, ni nini kimepita mdomoni?"

"Hakuna, daktari." Akafikiri. "Chai. Lakini sikuimaliza."

Kifuko kilikuwa soksi tupu. Kuta zake zilikuwa zimekaribiana, nene, na kati yao, kando, palikuwa na kitu. Nilimgeuza. Hakikusogea. Nilitafuta kivuli, sikukiona. Nikapima: milimita saba, labda. Kifuko kikiwa kimejikunja hivyo, mkunjo wa ukuta unaweza kukudanganya ukadhani ni kinyama, na kinyama kinaweza kujificha ukadhani ni mkunjo. Kuna jibu moja tu la kweli hapo, nalo ni: rudi kesho bila chai.

Nilienda kwa Daktari Msimamizi na karatasi.

"Kuna jiwe?" aliuliza.

"Si jiwe. Naona kama kuna kinyama, lakini amekunywa chai. Aje kesho."

"Kama. Mimi naweza kutibu kama?" Hakuinua macho. "Hana jiwe, andika kawaida. Hiyo ni alsa, nitampatia dawa. Kuna watu kumi na moja hapo nje."

Wangeweza kuwa mia. Nilikuwa na kalamu mkononi mwangu, si mwake. Niliandika "Kifuko cha nyongo: kawaida", nikapiga muhuri, nikampa Mama Beryl, naye akanishukuru. Kisha, kama mwizi anayeweka akiba ya wema, nilifungua daftari langu nikaandika: Mama Beryl, chai, kitu ukutani, mm 7, hakisogei, hakina kivuli. Nilijiambia nitamtafuta. Kutoka mlangoni kwetu hadi karai lake la mafuta palikuwa na mwendo wa dakika tano. Sikwenda.

Mwaka uliofuata nilihamia kliniki nyingine ya shirika lilelile, Kabiro, upande wa Kawangware, chini ya mtu aliyeitwa Meneja wa Kituo, ambaye hakuwa daktari. Huko nilikutana na uovu wa upande wa pili. Watu walikuja kwangu wakitetemeka, na ripoti za mahali pengine zilizosema "uvimbe kwenye nyongo", bila kipimo, na wameshaambiwa wajiandae kwa upasuaji. Niliwapima: milimita tatu, nne. Seremala mmoja alikuwa ameshagawa randa zake kwa ndugu. Nilimwambia alichonacho ni tone la mafuta lililoganda ukutani, asipasuliwe, arudi kazini. Aliketi kitandani, akafunga vifungo vya shati.

"Kwa hivyo sikufi."

"Utakufa. Lakini si na hii."

"Sasa randa zangu nitazirudisha aje?"

Huyo alitishwa na kitu kisichokuwepo, Mama Beryl alitulizwa juu ya kitu kilichokuwepo. Wote wawili walikosewa na mkono uleule, mkono unaoandika bila kupima. Miaka yote hii bado nikiukumbuka damu inanichemka.

Ilikuwa yapata miaka miwili tangu siku ile ya Laini Saba alipoingia mwanamke aliyeshikwa mkono na dada yake. Sikumtambua. Alikuwa amekonda, khanga imezungushwa mara mbili.

"Si ni wewe?" alisema. "Wa kule kwa reli."

Nilimtambua kwa urefu wa mikono yake.

"Tangu jana jioni, Mama Beryl, nini kimepita mdomoni?"

"Hakuna kitu inapita siku hizi. Hata chai nimeshindwa."

Kabla hajalala alitoa karatasi kutoka kifuani, imekunjwa ndani ya plastiki kama kitambulisho. Ilikuwa ripoti yangu. Muhuri wangu ulikuwa bado mwekundu.

"Naenda nayo kila mahali," alisema. "Wanasoma, wanasema, mama, nyongo yako iko sawa, umepimwa, hiyo ni alsa. Nimemeza dawa ya alsa mpaka nimejua majina yake yote. Juzi nikauliza mmoja, sasa hii alsa haizeeki?"

Dada yake alicheka kidogo. Mimi nilisoma mwandiko wangu. Siku zote nilikuwa nimejiambia kwamba sikumfanyia kitu. Kumbe nilimfanyia. Nilimpa karatasi iliyofunga kila mlango aliobisha.

Nilimlaza. Kifuko kilikuwa kimejaa, safi, ukuta mwembamba, na ukutani, upande uleule wa mchoro wangu, kinyama chenye kitako kipana. Nilimgeuza. Hakikusogea. Hakina kivuli. Niliwasha rangi, ile njia ya mashine inayoonyesha damu ikitembea, na damu ilikuwa ikiingia ndani yake. Nikapima mara tatu, kama Mkuu alivyonifundisha. Milimita kumi na tatu. Kuta nyingine zilikuwa bado nzima, na ini halikuwa na doa.

"Ni nini?" Mama Beryl aliuliza.

"Ni kinyama kimeota kwa kifuko cha nyongo. Lazima kitolewe na kifuko chenyewe. Na kilikuwa huko ile siku ya kwanza."

"Ile siku uliandika kawaida."

"Niliandika kawaida."

"Ulikiona?"

Feni ya mashine hii mpya ilikuwa kimya, hakukuwa na pa kujificha.

"Nilikiona kidogo. Ulikuwa umekunywa chai. Nilipaswa kukuambia urudi kesho. Sikukuambia."

Alijifuta jeli mwenyewe, polepole, akaomba karatasi yake ya zamani arudishiwe.

Sasa sikilizeni jinsi foleni ya upasuaji inavyokwenda. Hospitali kubwa ya umma ina watu wengi kuliko vitanda. Ripoti ikisema tu "kinyama, mm 13", mtu atapewa tarehe, na tarehe inaweza kuwa mbali. Ikisema kilikuwa saba, sasa ni kumi na tatu, katika miaka miwili, kina kitako kipana na kina damu, daktari wa upasuaji atainua kichwa. Kukua ndiko kunakomtisha. Lakini wa kusema kilikuwa saba nilikuwa mimi peke yangu, na ushahidi ulikuwa daftari langu, na daftari langu lilipingana na muhuri wangu. Niliandika yote. Niliandika: "Kilionekana katika kipimo cha awali nilichofanya mimi, mm 7, nami nikaripoti kawaida kimakosa. Nakala ya maandishi yangu ya siku hiyo imeambatishwa."

Meneja wa Kituo aliniita kabla ya adhuhuri. Aliweka ripoti mezani na kidole juu ya sentensi hiyo.

"Hii unaitoa."

"Siitoi."

"Mwende, hii ni kujishtaki. Na si wewe tu, unashtaki nyumba yote. Kesho mtu anakuja hapa na wakili. Andika tu kumi na tatu, inatosha. Si atapasuliwa?"

"Atapasuliwa lini?"

"Hiyo ni ya hospitali."

"Hiyo ni ya hii sentensi."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia jiko lililoanza kuvuja gesi. "Umebakisha miezi mingapi ustaafu?"

"Saba."

"Si umalize kwa amani."

Nilikuwa nimemaliza kwa amani mara moja, Laini Saba, kwa kalamu na muhuri. Nilimwambia hivyo. Kisha nilimchukua Mama Beryl na dada yake, tukaenda hospitalini na ripoti mkononi mwangu, nami nikangoja nao kwenye benchi mpaka Daktari wa Upasuaji akatoka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho yaliyochoka. Alisoma amesimama. Alifika kwenye ile sentensi, akarudi juu, akaisoma tena.

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi."

"Saba ilikuwa kweli saba?"

"Alikuwa amekunywa chai. Inaweza kuwa sita, inaweza kuwa nane. Kumi na tatu ya leo haina wasiwasi."

Alitikisa kichwa, si kwa kunihurumia. "Kama ungeiandika wakati ule, angekuja kwangu akitembea mwenyewe." Halafu akamgeukia Mama Beryl. "Mama, sikutumi nyumbani na tarehe. Leo unapigwa picha ya pili, ya ile mashine kubwa, tuone kama kimevuka ukuta. Ikiwa safi, unapasuliwa wiki hii."

Ilikuwa safi. Kifuko kilitolewa, na kinyama kikapelekwa maabara kukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Majibu yalisema chembechembe zilikuwa zimeshaanza kugeuka saratani, lakini zilikuwa bado kwenye tabaka la ndani kabisa, hazijazama ukutani. Kwa hatua hiyo kutoa kifuko kunatosha. Daktari wa Upasuaji alinionyesha karatasi hiyo, kidole juu ya mstari huo. Nilihesabu mwenyewe tulikuwa tumebakisha miezi mingapi kabla hazijazama.

Mimi sikubakisha miezi saba. Barua ya Meneja ilisema ninastaafu mapema kwa ombi langu. Sijawahi kuomba. Nilichukua daftari langu, nikaiacha sweta yangu ya kazi kwenye msumari.

Nawaambia nyinyi vijana, sina busara ya kuwaachia, nina hasira tu, na nadhani inafaa zaidi. Muwakasirikie wanaosema alsa kabla mgonjwa hajaketi. Muwakasirikie wanaouza hofu ya milimita tatu. Na siku mkono wenu utakapokuwa juu ya karatasi, na mtu aliye juu yenu akisema andika kawaida, muukasirikie mkono wenyewe. Ulizeni nini kimepita mdomoni. Mgeuzeni. Pimeni. Mkiwa hamjui, andikeni kwamba hamjui. Hakuna mgonjwa aliyekufa kwa kuambiwa arudi kesho na njaa.

Mama Beryl alikuja kwangu Kabiro, mwezi wa pili wa kukaa kwangu nyumbani. Alibisha na mlango wa chuma, akaingia na mfuko wa samaki wakavu, akakaa kwenye kiti karibu na kitanda. Nilikuwa na chai jikoni. Niliimimina bila kumwuliza, akaipokea, akainywa yote. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu dada yake, kuhusu karai la mafuta ambalo sasa linashikwa na binti yake. Nikasema nilichokuwa nimekitunza tangu siku ile: kwamba naomba anisamehe.

Aliinua blauzi, akanionyesha makovu manne madogo tumboni, yamekauka vizuri.

"Sikukuja kwa hiyo," alisema. "Nilikuja uone imepona. Wewe si ndio wa kuangalia?"

Niliangalia. Niliinama karibu, kama kazini.

"Imepona," nikasema.

"Andika."

Nilidhani anatania, lakini alikuwa akingoja, mikono magotini. Nikatoa daftari la mistari, nikaandika jina lake, siku, na neno "imepona". Alilichukua akalisoma mpaka mwisho, kisha akafungua nyuma kurasa nyingi, akatafuta mpaka akapata ule mchoro wa Laini Saba, na ile saba. Alichana ukurasa huo kwa uangalifu, akaukunja pamoja na ripoti yenye muhuri wangu, akaviingiza vyote viwili katika plastiki yake, kifuani.

"Hii nakaa nayo," alisema. "Ile ya uongo haitatembea tena peke yake."

Aliosha kikombe chake, akakifunika, akatoka, akauvuta mlango wa chuma nyuma yake mpaka komeo likaingia.